Kubadilisha oili sili ya mbele ya krenki kwenye injini ya zamani, hatua kwa hatua

Maswali ninayopata kuhusu oili sili ni mawili tu, na hayachoki kurudi. La kwanza: "Gari linadondosha oili upande wa fenibelti, ni sili?" La pili huja miezi michache baadaye: "Nilibadilisha sili na imeanza tena kuvuja, shida ni nini?" Mwongozo huu nauandika hasa kwa ajili ya huyu wa pili. Ameshatoa pesa, ameshachafuka hadi viwiko, na mara nyingi sili aliyonunua haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye shafti, au kwenye bomba ambalo injini inapumulia, au kwenye zile dakika mbili za haraka alipokuwa anaing'oa sili ya zamani.

Tutashughulika na sili ya mbele ya krenki (shafti kuu ya injini, inayozungushwa na pistoni), ile iliyo nyuma ya puli kubwa ya chini. Sili za kamshafti (shafti inayofungua vali) hubadilishwa kwa mbinu hizihizi. Sili ya nyuma ya krenki, ya upande wa flaiwili (gurudumu zito lililo mwisho wa krenki), ni kazi nyingine kabisa kwa sababu gia boksi lazima ishuke. Kama hujawahi kugusa sili yoyote, usianzie huko.

Nadharia ni hii tu. Sili ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, na kwa ndani ina mdomo mwembamba unaolala juu ya shafti inayozunguka. Nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba ya duara inayoubana. Mpira ukipikwa na joto la injini kwa miaka mingi hukauka na kuwa mgumu kama plastiki, mdomo hauifuati tena shafti, na oili inapata njia.

Kwanza hakikisha ni sili

Oili hushuka chini, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondokea si lazima pawe ndipo inapotokea. Juu ya sili ya krenki kuna gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kuna sili za kamshafti, na kwenye injini nyingine kuna distribyuta na swichi ya presha ya oili. Yoyote kati ya hizo ikivuja, tone la mwisho laweza kuning'inia kwenye puli ya krenki na kukudanganya.

Osha upande mzima wa mbele wa injini, ukaushe kabisa, kisha pulizia poda nyeupe ya kawaida ya mwilini. Washa injini ikae dakika 15 bila kuendesha, zima, halafu piga tochi kuanzia juu kwenda chini. Poda iliyolowa itakuonyesha mstari wa oili, nawe uufuate mstari huo hadi sehemu yake ya juu kabisa. Sili ya krenki ina dalili yake: oili hurushwa na puli ikachora duara nyuma yake, na madoadoa yakatapakaa pande zote mbili. Ukiona juu pamekavu na duara hilo limelowa, hapo una jibu.

Pia paka kidogo kwenye kidole. Umajimaji mwekundu huenda umetoka kwenye pawa stelingi, na wa kijani au wa waridi unaofanana na maji umetoka kwenye mfumo wa kupoza injini. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi na inateleza.

Halafu angalia kama injini inapumua

Hatua hii ndiyo wanaoanza wanayoiruka zaidi. Ndani ya injini kuna gesi zinazopenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Lazima zitoke, na hutokea kwenye bomba la kupumulia ambalo mafundi tunaliita briza, mara nyingi likiwa na vali ya PCV (inayoziruhusu gesi hizo kuvutwa tena na injini). Briza ikiziba, gesi hutafuta mlango mwingine, na mlango dhaifu kuliko yote ni mdomo wa sili.

Niliwahi kubadilisha sili ya gari moja mara mbili. Ya kwanza ilikaa wiki kadhaa, ya pili haikumaliza hata muda huo. Mara ya tatu, kabla ya kugusa puli, nilifuata bomba la briza lililopita nyuma ya injini, nikalichomoa na kulipuliza kwa mdomo. Hewa haikupita hata kidogo. Nililikata kwa urefu ili nione: ndani kulikuwa na tope jeusi, gumu kama lami, na katikati limebaki tundu ambalo hata njiti ya kiberiti isingepita. Nikaweka bomba jipya na sili ya tatu. Gari lile halijadondosha tena.

Kwa hiyo chomoa mabomba yote ya briza uyapulize. Vali ya PCV ya kawaida ukiitikisa sikioni lazima ilie "klak klak"; ikiwa kimya, ibadilishe. Kisha, kwa injini yenye PCV, iache kwenye mzunguko wa chini, fungua kifuniko cha kujazia oili, na uweke kipande cha karatasi juu ya tundu. Karatasi ikivutwa kidogo kuelekea ndani, ni vizuri. Ikirushwa juu huku moshi unatoka kwa kusukumwa, injini ina presha ndani. Kama briza ni safi na bado karatasi inarushwa, huenda ringi za pistoni zimechoka, na sili mpya peke yake haitakusaidia kwa muda mrefu. Pima kompresheni kabla ya kununua chochote.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Sili sahihi kwa injini yako. Vipimo huandikwa kwenye uso wake kwa mpangilio wa kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Kwa mfano 38×50×8 ni shafti ya mm 38, nyumba (tundu ambamo sili inakaa) ya mm 50, unene wa mm 8. Nunua kwa namba ya injini, si kwa jina la gari, kwa sababu gari moja laweza kutoka na injini tatu tofauti.
- Kitabu cha matengenezo cha gari lako, kwa ajili ya vipimo vya kukaza na alama za taiming (zinazoonyesha krenki na kamshafti zikiwa mahali pake).
- Jeki, stendi mbili imara, na vizuizi vya matairi.
- Soketi ya bolti ya puli (nyingi ni kati ya mm 17 na 22), mpini mrefu, na bomba la chuma la kuuongezea urefu.
- Toki renchi inayofika angalau Nm 200.
- Pula ya puli, ile ya bolti zinazoingia kwenye matundu ya katikati ya puli.
- Kifaa cha kushikilia puli au cha kufunga flaiwili.
- Drili yenye biti ya mm 2, skrubu mbili ndogo za kujichimbia, plaizi, na bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu nchani.
- Soketi kubwa au kipande cha bomba chenye kingo laini, kipenyo chake kikiwa kidogo kuliko cha nje cha sili kwa mm 1 au 2.
- Msasa laini namba 600, kisafishio cha breki cha kupuliza, matambaa yasiyotoa nyuzi, grisi, na oili safi ya injini.
- Tochi, kioo kidogo, na simu ya kupigia picha.

Kama injini ni ya taiming belti (mkanda unaounganisha krenki na kamshafti) na belti hiyo imelowa oili, weka belti mpya kwenye orodha. Usiioshe ukairudisha. Oili hula mpira wake kuanzia ndani, na ikikatika kwenye injini ambayo vali na pistoni hukutana, utakuwa unatafuta silinda hedi badala ya sili.

Kazi yenyewe

1. Egesha gari kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma, na usubiri injini ipoe. Chomoa waya wa hasi wa betri. Nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, kisha lisukume gari kwa mkono uone limetulia. Hakuna kiungo cha mwili wako kinachoingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

2. Pata nafasi. Kwa gari lenye injini iliyolala kwa upana, toa tairi la mbele la upande wa puli na kava ya plastiki iliyo ndani ya bodi. Puli itakuangalia usoni. Kwa injini iliyolala kwa urefu huenda ukahitaji kutoa feni, na mara nyingine rejeta. Piga picha ya mikanda yote ilivyopita kabla hujaigusa.

3. Legeza bolti ya puli. Hapa ndipo wengi wanapokwama siku nzima, kwa sababu bolti hii hukazwa kwa nguvu kubwa na imekaa miaka bila kuguswa. Krenki lazima ishikiliwe isizunguke. Kwa gari la gia za mkono, ingiza gia ya juu kabisa na mtu akanyage breki kwa nguvu. Kwenye gia ya juu matairi yanahitaji nguvu ndogo zaidi kuizuia krenki kuliko kwenye gia ya kwanza. Ikiwa hilo halitoshi, au kama gari ni la otomatiki, tumia kifaa cha kushikilia puli, au funga flaiwili kwa kifaa chake kupitia tundu la stata. Weka soketi hadi mwisho, ingiza bomba refu kwenye mpini, na uvute kwa uzito wa mwili, polepole, bila kurukaruka. Bolti ya kawaida hufunguka kwa kwenda kinyume na saa.

   Onyo: kuna watu hufunga mpini kwenye fremu ya gari kisha wanapiga stata ili bolti ifunguke yenyewe. Usifanye. Mpini ukichomoka unavunja mkono au rejeta, na stata haina uwezo wa kujua kwamba umekosea.

4. Legeza na utoe mikanda ya nje. Mkanda utakaorudi, uchoree mshale wa upande unaozunguka.

5. Weka injini kwenye alama zake. Kwa injini ya taiming cheni hatua hii si ya lazima, lakini haikugharimu chochote. Kwa ya taiming belti ni lazima: toa kava ya juu, zungusha krenki kwa bolti yake kuelekea upande ambao injini huzunguka hadi alama ya puli na alama ya kamshafti zilingane na zile za kitabu. Injini nyingi huzunguka kufuata saa ukizitazama kutoka upande wa puli, ila zipo zinazozunguka kinyume, kama injini nyingi za Honda za miaka ya nyuma, kwa hiyo soma kitabu. Chora alama zako pia kwa rangi nyeupe. Ziwe mbili, zote zionekane kwenye picha.

6. Toa bolti na uvute puli. Ikija kwa mkono, vizuri. Isipokuja, tumia pula kwenye matundu ya katikati. Usiivute wala kuipiga kwenye ukingo wa nje: puli nyingi zina pete ya mpira kati ya sehemu ya ndani na ya nje, na ukiivuta kwa nje unazitenganisha. Ikiachana, gari litatetemeka na mkanda utaruka.

7. Kwa injini ya taiming belti, toa kava ya chini, legeza tenshena (kinachokaza belti), toa belti, kisha teleza gia ya taiming ya krenki nje. Angalia kii (kipande kidogo cha chuma kinachozuia gia na puli kuteleza kwenye shafti) isianguke. Kuanzia hapa hadi belti irudi, usizungushe krenki wala kamshafti. Kwa injini ya cheni, sili iko palepale nyuma ya puli, kwenye kava ya taiming, na kava haina haja ya kutoka.

8. Kabla ya kung'oa chochote, pima sili ya zamani imezama kiasi gani. Tumia kalipa au hata rula. Je, iko sawasawa na uso wa nyumba, au imeingia mm 1 ndani? Andika. Piga picha. Tazama pia kama oili inatokea kwenye mdomo wa sili au kwenye ukingo wake wa nje. Ni habari utakayoihitaji baadaye.

9. Ng'oa sili ya zamani, na hapa punguza mwendo kabisa. Kazi nyingi za sili huharibika kwenye hatua hii. Mtu huingiza bisibisi kati ya mdomo na shafti, anaegemea, chuma kinakwaruza chuma, na mkwaruzo mmoja wa kupita upana wa njia ya mdomo unatosha kuvujisha sili yoyote utakayoweka.

   Njia ninayoiamini ni ya skrubu. Paka grisi kwenye biti ya drili ili ikamate vumbi la chuma, toboa tundu dogo kwenye uso wa sili, katikati kati ya shafti na nyumba, ukiisikiliza biti: ikishapenya bati la sili, acha hapohapo. Toboa la pili upande wa pili. Ingiza skrubu mizunguko michache tu. Shika kichwa cha skrubu kwa plaizi, vuta kidogo upande huu, kidogo upande ule. Sili itakuja ikiwa imeinama kidogo kushoto na kulia, halafu itoke ghafla. Kama huna drili, tumia ndoano ya kuvutia sili, ukiegemea kipande cha mbao na kamwe usiegemee shafti.

10. Kagua shafti. Ifute, piga tochi kwa pembeni, na upitishe kucha kwa urefu wa shafti mahali mdomo ulipokuwa ukisugua. Utaona mstari unaong'aa. Kama kucha inapita bila kukwama, mstari huo hauna shida. Kama kucha inatumbukia, mpira umechimba mfereji. Inashangaza mpira kula chuma, lakini vumbi linalonaswa chini ya mdomo hufanya kazi ya msasa kwa maelfu ya kilomita.

    Mikwaruzo midogo iondoe kwa msasa namba 600 uliolowa oili, ukisugua kwa kuzunguka shafti. Usisugue kwa kwenda mbele na nyuma, maana mikwaruzo ya urefu huo hugeuka njia za oili. Kwa mfereji kuna njia mbili. Ya kwanza, kama nyumba inaruhusu, ni kuiweka sili mpya mm 1 au 2 mbele au nyuma ya pale pa zamani, ili mdomo ulale kwenye chuma kipya. Hakikisha tu haizibi tundu la kurudishia oili lililo nyuma yake. Ya pili, ambayo ni bora kwa mfereji mzito, ni kuvisha shafti slivu nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hii. Kwenye injini nyingi za cheni mdomo haugusi krenki, bali shingo ya puli. Basi kucha yako ipite huko.

11. Safisha nyumba ya sili. Toa vumbi lote la chuma kwa tambaa, pulizia kisafishio cha breki kwenye tambaa badala ya ndani ya injini, na uangalie kama kuna vishimo au kingo zilizochongoka.

12. Andaa sili mpya. Ilinganishe na ya zamani kwa kipenyo na unene. Upande wenye springi utazame ndani, kwenye oili. Kama kuna mshale, ufuate mzunguko wa krenki: sili za aina hiyo zina mistari ya mshazari kwenye mdomo inayorudisha oili ndani, na ukiiweka ya kuzunguka upande mwingine itakuwa inaisukuma nje. Paka mdomo grisi kidogo au oili safi, pamoja na shafti. Isipokuwa sili yenye mdomo mweupe au mweusi mgumu usio na springi, ambayo ni ya aina ya PTFE (teflon): hiyo huwekwa kavu, kwa slivu ya plastiki inayokuja nayo, na karatasi ya ndani ya pakiti ndiyo inayotawala. Gundi ya silikoni isiguse mdomo kamwe. Kama ukingo wa nje ni chuma kitupu, utando mwembamba sana wa silikoni unaruhusiwa. Kama umevikwa mpira, hauhitaji kitu.

13. Funika mwanya wa kii kwenye shafti kwa tabaka moja la tepu nyembamba laini. Kingo za mwanya huo ni wembe. Telezesha sili juu ya tepu ukiizungusha kidogo, hadi iguse nyumba, kisha toa tepu. Tazama kwa kioo kwamba mdomo haukukunjika popote.

14. Iingize. Weka soketi kubwa au bomba juu ya ukingo wa nje wa sili, na ugonge kwa nyundo taratibu, ukihama: juu, chini, kushoto, kulia. Sikiliza mlio. Sili inapoingia sawa mlio ni mmoja. Ikiinama upande mmoja, mlio hubadilika na unausikia mkononi. Simama, rekebisha, endelea. Kama una bolti ndefu yenye uzi uleule wa krenki, tumia bomba, washa (pete bapa ya chuma) iliyo nene na bolti hiyo kuisukuma sili polepole badala ya nyundo. Fika kwenye kina ulichoandika katika hatua ya 8, si zaidi. Si kila nyumba ina ukingo wa kuizuia.

15. Pitisha kidole kuzunguka uso wote. Kina kiwe kimoja kila upande. Ingiza kioo na tochi utafute springi iliyochomoka. Imechomoka? Toa sili na ununue nyingine. Sili iliyokwishang'olewa hairudi.

16. Rudisha kila kitu. Kii kwanza, gia ya taiming, belti, alama zote mbili, tenshena kama kitabu kinavyosema. Kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na uangalie alama tena. Ikigoma katikati ya mzunguko, usiisukume; alama zimekosewa, rudi nyuma. Futa shingo ya puli, ipake oili kidogo, iingize ikiwa imenyooka na kii. Bolti ikazwe kwa kipimo cha kitabu, kwa toki renchi. Kitabu kikisema bolti hiyo ni ya kutumika mara moja, weka mpya.

17. Rudisha mikanda, tairi na betri. Angalia oili kwenye dipstiki na uongeze iliyopungua. Washa, sikiliza, acha dakika 10 huku ukitazama chini ya puli, zima, futa, tazama tena. Rudia baada ya kilomita 100 za kuendesha.

Bado inavuja? Anza hapa

Inavuja mara tu baada ya kuwasha: mdomo umekunjika, springi imechomoka, au sili imeinama. Hakuna cha kusubiri, lazima itoke. Chupa za dawa za kuzuia kuvuja hulainisha mpira uliozeeka. Mdomo uliochanika haziuungi.

Inavuja kwenye ukingo wa nje huku mdomo ni mkavu: nyumba imekwaruzwa wakati wa kung'oa, au kipenyo cha sili si chake. Linganisha namba.

Ilikaa kavu wiki kadhaa kisha ikaanza: rudia jaribio la karatasi. Nikisikia maneno hayo, huwa naanzia kwenye briza kabla ya kuuliza jambo lingine lolote.

Oili inatokea katikati ya puli, kandokando ya bolti, na sili ni kavu: inapita kwenye mwanya wa kii ndani ya shingo ya puli. Kwenye injini nyingine hilo ni jambo la kawaida, na tone dogo la silikoni ndani ya mwanya wa puli, kabla ya kuirudisha, linaliziba. Liache likauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kuwasha.

Sili mbili zimeshindwa, briza ni safi, shafti haina mfereji: shika puli kwa mikono miwili injini ikiwa imezimwa, uisukume juu na chini kwa nguvu. Ukisikia mchezo, beringi za krenki zimelika, na shafti inacheza ndani ya sili. Hapo acha kununua sili. Anza kufikiria kushusha sampu.